Usikate Miguu

Mimi nilianza na nyuso za pasipoti, na nadhani ndizo zilizoniharibu. Mwaka ule reli ilipotufikia Tunduma, kila mtu alitaka kuvuka kwenda Zambia, na kila anayevuka alitaka picha. Awali nilikuwa utingo wa malori ya Ndola. Dereva mmoja akaniuzia kamera, ile unayoitazamia kwa juu kama mtu anayechungulia kisima, nikashuka kwenye lori moja kwa moja. Nikafungua kibanda chenye pazia la bluu na kiti kimoja. Kutwa nzima kazi yangu ni kuamrisha watu: tazama mbele, usicheke, usipepese. Wakaniita Seleman Picha, hata wasiojua baba yangu ni nani.

Basi wakulima wa Mbozi wakaona, huyu ndiye fundi wa watu wasiocheka, wakaanza kuniita harusini. Maana huko kwao bibi harusi hacheki. Anainamisha kichwa tangu kanisani mpaka kwa mume, na akiweza kulia, alie. Akiinua uso akaonyesha meno, watasema alikuwa amechoka kulelewa na wazazi wake. Hata kwetu Handeni bibi harusi huona aibu, lakini aibu ya kwetu ina mwisho. Ya Iyula, kijiji kimoja cha huko Mbozi, haikuwa na mwisho. Nilipiga harusi kadhaa nikarudi na picha za vilemba na shela, uso hata mmoja sina.

Jambo hilo lilinikera, halafu likaanza kunishika. Nilijiuliza, mtu anaolewa na anayempenda, hiyo furaha anaiweka wapi? Haiwezi kuyeyuka, lazima ipo mahali. Nikaacha kugombana na vichwa, nikawa natazama vidole, mabega, namna mtu anavyoshika leso. Mke wangu Mwanamvita alisema nimekuwa kama askari wa forodha, kila mtu kwangu ameficha kitu.

Ndipo akaja Mama Ketrina wa Iyula. Alikaa kwenye kile kiti changu, akakataa soda, akaniambia binti yake Sekela anaolewa na Danford, kijana wa kijiji chao.

"Baba yake yuko Kitwe, mgodini," alisema. "Hatakuja. Anasema wamemnyima likizo. Mahari aliipokea mdogo wake, Abrahamu. Sasa mwenzangu kaingiwa na wasiwasi kwamba Abrahamu kamsukuma mtoto kwa tamaa ya ng'ombe. Kamtuma Yahaya, dereva wa lori anayekwenda Kitwe, atuambie tumpelekee picha ya harusi. Akiona mtoto hakutaka, ng'ombe warudishwe na Sekela arudi nyumbani."

"Na Sekela anamtaka huyo Danford?"

Mama Ketrina akacheka mpaka akajishika mbavu. "Alimkataa mwalimu mzima kwa ajili ya Danford!"

"Si amwandikie baba yake, basi?"

"Baba yake anasema barua mtu anaweza kusimamiwa akaandika. Uso hausimamiwi."

"Mama, uso wenyewe si ndio mnaonificha!"

"Ndiyo maana nimekuja kwako, mwanangu," alisema, akafunga vizuri khanga yake. "Wewe utajua mwenyewe."

Nilikwenda. Tangu nianze kazi hii sikuwahi kubeba harusi ya mtu begani namna ile. Kahawa ilikuwa imeiva, kijiji kizima kimetoka shambani kimevaa nguo za Jumapili. Sekela alikuwa amevaa gauni jeupe na viatu vyeupe vya kuazima, kichwa chini, machozi yanatiririka kama inavyotakiwa. Nikazunguka. Nikapiga magoti kwenye udongo mwekundu nimpate kwa chini, shangazi yake Tabita akamfunika kwa shela. Nikasema nzi kamtulia puani. Hakuinua uso.

"Mpiga picha," shangazi akaniambia, "wewe umekuja kupiga picha au kuvunja nyumba?"

"Shangazi, nyumba itavunjika nisipouona uso huu! Baba yake anausubiri."

"Baba yake ni Mnyiha. Anajua bibi harusi anakaaje."

"Ndiyo, lakini atajuaje kama huyu analia kwa desturi au analia kweli?"

Nikaona swali lile limemwingia hata Shangazi Tabita, lakini shela hakuifunua. Nilitazama vidole vya Sekela: vimeshika maua, vimetulia tuli. Mabega: yametulia. Nilikasirika, niseme kweli, nikakasirikia milima yote ya Mbozi. Mkanda ulikuwa unakwisha. Nikawasimamisha maharusi mbele ya mlango wa kanisa, nikarudi nyuma niwapate wote wawili wima, nikapiga, nikafunga kamera.

Nilipoziosha zile picha, nikatundika, nikazitazama moja moja, nikakata tamaa. Bibi harusi analia katika zote. Ile ya mwisho ndiyo ilikuwa nzuri kwa mwanga, lakini ilikuwa imeharibika chini. Sekela alikuwa amevua kiatu kimoja, na mguu ule mtupu ameuweka juu ya kiatu cha Danford. Nikasema kiatu cha kuazima kimembana, maskini. Nikachukua mkasi niikate kwenye magoti, ibaki safi.

Maharusi wenyewe wakaingia kibandani wakati nimeshika mkasi. Walikuwa wamefuata picha zao.

"Shikamoo, kaka," alisema Sekela. Halafu akauona mkasi. "Usikate miguu."

"Mguu mmoja hauna kiatu, dada yangu. Watu watacheka."

"Wacheke. Hiyo ndiyo ya baba. Usikate miguu."

"Kwa nini?"

Akainamisha kichwa palepale, kama vile niko na kamera. Nikamgeukia Danford. Danford akainua mabega. "Hata mimi hajaniambia," alisema. "Alinikanyaga tu, nikanyamaza."

Yahaya aliipeleka picha ile Kitwe ikiwa nzima, na mimi nikabaki na ugonjwa. Sikulala vizuri, sikula vizuri. Nilimuuliza kila aliyekaa kwenye kiti changu. Mwanamvita akasema ni wazi, anamkanyaga mume mapema ili amtawale. Yahaya akasema ni kiatu tu, watu wa picha mnapenda makubwa. Muuza vitenge wa ng'ambo akasema ni uchawi. Nami nilikuwa na langu la siri: niliogopa kwamba baba mtu ataona machozi na mguu usio na kiatu, atasema mwanangu kaburutwa mpaka kiatu kikamvuka.

Mvua zilikuwa zimekwisha anza alipoingia mzee mmoja mrefu, mkongojo kwapani. Suruali yake upande wa kushoto ilikuwa imekunjwa na kufungwa kwa pini chini ya goti.

"Mulishani, mukwai," alisema, kama wanavyosalimia upande wa pili. Halafu akageukia Kiswahili. "Wewe ndiye Seleman Picha?"

"Marahaba," nikajibu ovyo, ulimi umeniteleza kwa kutazama pale pasipo na mguu. Nikajirudi haraka. "Shikamoo, mzee. Ni mimi."

Akatoa mfukoni picha ya mraba. Niliitambua kabla hajaifunua. "Mimi ni Anyosisye, baba yake Sekela."

Nilimpa kiti. Nilitaka kumuuliza habari za safari kama mtu mwenye adabu, lakini kilichotoka ni: "Mzee, huo mguu juu ya kiatu, ni nini?"

Alicheka, kikohozi kikamkatiza. "Sekela alipokuwa mdogo, nilikuwa nikija likizo na viatu vyangu vya mgodini. Asubuhi shambani kuna baridi na umande, naye hana kiatu. Anapanda juu ya viatu vyangu, mguu huu hapa, mguu huu hapa, namshika mikono, tunatembea pamoja kwenye kahawa. Mama yake alijaribu, akakataa. Abrahamu alimwita apande vyake, akakimbia. Hajawahi kumpandia mtu mwingine." Akagusa picha kwa kidole. "Nilipoiona hii nilimwambia Yahaya, ng'ombe wakae huko huko. Mtoto ameolewa na anayemtaka."

Nilifurahi kama nimeolewa mimi. Nilitaka kumwita Mwanamvita aje asikie jinsi alivyokosea. Lakini mzee alikuwa ananyoosha shati lake vizuri na kutazama pazia langu la bluu.

"Nipige na mimi moja," alisema. "Ya kumpelekea. Ila ipige mpaka kiunoni tu."

"Kwani huendi Iyula? Si hapo tu, unapanda basi."

Aliigusa ile pini ya suruali. "Mwamba uliniangukia mwaka jana. Sikuwaambia, na Yahaya nilimkataza asiseme. Nilisema nimenyimwa likizo. Nimefika hapa juzi, nimelala nyumba ya wageni, kila asubuhi natoka niende stendi, nafika mlangoni nageuka. Atatazama wapi yule mtoto nikitokea? Atatazama chini. Alizoea kutazama chini." Akavuta pumzi. "Wewe kata miguu. Amwone baba yake wa zamani."

Nilisimama nyuma ya kamera yangu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuamrisha watu, na sikuwahi kuogopa kumwamrisha mtu yeyote. Siku hiyo niliogopa.

"Mzee wangu," nikasema, "mwanao alinikataza kukata miguu. Hapa kibandani hiyo sasa ndiyo sheria. Hata wewe siwezi kukukata."

Alinitazama kwa hasira, kisha hasira ikaisha polepole. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, nimpate mzima, pamoja na mkongojo na ile pini. Nikachungulia. Mzee Anyosisye akajinyoosha, akasogeza mbele kile kiatu chake kimoja, cheusi, kimepigwa rangi kikang'aa, akakikita imara sakafuni kama mtu anayengoja mzigo.

"Piga," alisema. "Huu mmoja unatosha kumbeba."

Nikapiga. Kisha akauliza basi la Mlowo, njia ya Iyula, linaondoka saa ngapi, nami nikafunga kibanda, nikambebea mfuko wake mpaka stendi.