Tango la Bwana Stavro

Jumamosi asubuhi, mwaka wa thelathini na tisa, Sefania mpishi alikuwa nyuma ya jiko la Bwana Stavro, Mgiriki mwenye shamba la mkonge chini kidogo ya Maore. Alikuna tango kwenye bati la debe lililotobolewa kwa msumari. Mtindi ulikuwa umening'inia tangu jana katika kitambaa cha merikani, umechujika hata kijiko kinasimama. Kitunguu saumu kilishapondwa. Kilichobaki ni kulikamua lile tango, maana Bwana Stavro alisema mchuzi wa kwao ukiwa na maji ni uji, na uji aliwaachia Wapare. Mchana angekula na Bwana Shauri, afisa wa serikali kutoka Same.

Sefania hakutulia. Kila mara alichungulia bondeni. Mahindi ya mkewe Dorkas yalikuwa yakitoa mbelewele, na mahindi yakikosa maji hapo, mtu huvuna majani. Zamu ya Dorkas kwenye ndiva, lile bwawa la kijiji linalofunguliwa alfajiri, ilikuwa leo hadi adhuhuri. Ndiva ilifunguliwa; mfereji ukaja mkavu. Bwana Stavro alikuwa ameukata huko juu, akaupeleka kwenye bustani yake ya matango.

Sefania akakamua. Maji yakajaza bakuli, yakajaza sufuria, yakajaza karai la kufulia. Yalikuwa na tope kidogo na viluwiluwi wawili. Akayajua: ya ndiva hayo. Akaendelea kukamua, kwani tango lilikuwa bado na maji.

Dorkas akatokea na jembe.

"Baba Lydia, ndiyo unamwaga zamu yangu mlangoni pa watu?"

"Simwagi. Nakamua."

"Basi kamulia huku."

Akachimba mfereji kuelekea shambani kwake. Hakupita muda, akafika mzee Andrea, mgawa maji, na fimbo yake ya kupimia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kafungua maji bila mimi?"

Akaonyeshwa tango. Akachovya fimbo karaini, akaamua kwamba maji ni maji, na zamu ya Dorkas inakwisha adhuhuri, yatoke bwawani au tangoni. Majirani wawili wakaanza kugombea zamu ya alasiri.

Maji yalikuwa yamebakiza hatua kumi kuyafikia mahindi Bwana Stavro alipotoka na mkate mkononi, Bwana Shauri nyuma yake. Wakachovya. Mchuzi ulikuwa mzito, wakausifu. Kisha Bwana Stavro akatazama viatu vyake, vimelowa.

"Haya yametoka wapi?"

"Kwenye tango, Bwana."

"Tango la nani?"

Sefania akasema ni la Bwana. Alikuwa mkweli, kilema kibaya kwa mpishi.

Bwana Shauri akafuta masharubu, akasema hapo sheria haina utata. Wakaitwa vibarua wawili, mfereji ukageuzwa kwenda bustanini. Mzee Andrea akakung'uta fimbo yake, akasema afadhali, sasa hakuna cha kugombea.

Mwaka huo Dorkas alivuna majani, akawapa mbuzi. Sefania aliendelea kukamua tango kila Jumamosi. Kufikia wiki ya tatu hapakuwa na haja ya mfereji. Maji yalipovuka kizingiti yaligeuka kushoto yenyewe, yakampita Dorkas katikati ya miguu bila kumlowesha, yakaenda kwa matango.