Mboga Iliyofuliwa

Giza lilipoanza kuingia, Nabwile alifunika sahani ya baba mkwe wake kwa sahani nyingine, akaishika kwa mikono miwili, akatoka nayo uani. Chumba cha mzee kilikuwa mwisho wa plot ile ile ya nyumba za kupanga, karibu na bomba la maji. Tonny, mume wa Nabwile, alikuwa amekikodi mara tu baba yake alipoletwa Kitale kutoka Ndalu, uso na miguu vimevimba, akaambiwa figo zake zimechoka na lazima awe karibu na kliniki. Nyumba ya Tonny ilikuwa na nafasi, lakini hata mjini baba hawezi kulala katika nyumba ya mwanawe wa kiume.

Mlangoni Nabwile alikohoa. Alisubiri mzee aseme "karibu, mama," akaingia macho yakiwa sakafuni, akaweka sahani juu ya stuli, akarudi kinyumenyume hadi nje. Ndivyo alivyofundishwa. Mkaza mwana hamtazami baba mkwe usoni, hali mbele yake, na juu ya yote hambishii. Kwa Nabwile hayo hayakuwa magumu, maana tangu akiwa msichana mdogo hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa ameacha shule darasa la sita, na mtu mwenye kalamu akimuuliza jambo, jibu lilikwama kooni hata kama alilijua.

Mzee Wanjala, kwa upande wake, alikuwa na maneno ya kutosha watu kumi. Siku ya kwanza kliniki, nesi mmoja aitwaye Rahab alimsomea makatazo yake kwenye benchi watu wote wakisikia. Chumvi, hapana. Maharagwe, hapana. Parachichi, ndizi, machungwa, hapana kabisa. Mwaka huo nchi nzima ilikuwa ikijiandaa kwa kura ya katiba. Wa "ndiyo" walipewa alama ya ndizi na wa "hapana" wakapewa chungwa, na hakukuwa na ukuta Kitale usio na tunda moja au lingine.

"Sasa sista," mzee akasema, "wale wanataka nichague ndizi, hawa wanataka nichague chungwa, na wewe umenikataza zote mbili. Si useme tu nisipige kura?"

Benchi lote likacheka. Rahab mwenyewe akacheka, akafuta macho. Nabwile, nyuma ya bega la mumewe, alicheka ndani ya leso.

Ilipofika jioni, kicheko kilikuwa kimekwisha. Ugali ulikuwa ugali, lakini mboga bila chumvi ilikuwa kitu kingine. Nabwile alijaribu kitunguu kingi. Alijaribu dhania. Alikaanga mpaka kingo zikaungua kidogo, akidhani moshi utaleta ladha. Sahani ilirudi jinsi ilivyokwenda, imemegwa pembeni tu, kama iliyoliwa na kuku.

"Tonny," alimsikia mzee akisema siku moja, "huyu mama nimemkosea nini?"

"Hujamkosea, Baba. Ni sista aliyesema."

"Sista si ndiye anapika, bana."

Nabwile aliyakusanya masalio, akayala peke yake jikoni amesimama, apate kujua anachomlisha mtu. Yalishuka kama karatasi iliyoloweshwa. Kuna methali isemayo mgonjwa haulizwi uji, na yeye aliifahamu vizuri. Lakini aliyeitunga hakusema ufanye nini mgonjwa akiutazama huo uji, akageukia ukuta. Mashavu ya mzee yalianza kuingia ndani. Tonny aliutoboa mkanda wa baba yake tundu jipya kwa msumari wa hadiwea ya Ranjit, duka la vifaa vya ujenzi alikoajiriwa.

Basi akaja Wilkista, mke wa mzee, na gunia la mboga kutoka shambani. Kabla hata ya kunywa chai alimwona mumewe, akatoka nje, akakaa juu ya ngazi ya bomba. Halafu akaingia jikoni kwa Nabwile, akafungua gunia. Kulikuwa na majani ya kunde, kulikuwa na saga, ile mboga chungu, na chini kabisa kulikuwa na mkebe wa majivu meupe, laini kama unga.

"Ya mabua ya maharagwe," akasema. "Nimeyachoma mwenyewe."

Nabwile aliyajua. Hakuna jiko kwao lisilokuwa nayo. Unayaweka katika mkebe uliotobolewa chini, unamwagia maji juu, na yanayodondoka, yenye rangi ya chai nyepesi, ndiyo musherekha. Kunde ikichemshwa nayo inalainika, uchungu wa saga unakimbia, na mboga inapata utamu ambao chumvi haiufikii.

"Mama," Nabwile akasema polepole, "si tumuulize sista kwanza?"

"Umuulize nini? Walikataza chumvi. Chumvi inatoka dukani, ina pakiti. Hii ni jivu." Wilkista alikuwa ameshatafuta mkebe na msumari. "Utaenda kliniki kuuliza habari ya jivu? Watakucheka, waseme ati watu wa Ndalu wanalisha wagonjwa makaa."

Nabwile akajiona amesimama mbele ya lile dirisha la kliniki, foleni nyuma yake, akitafuta maneno. Akamshikia mkebe autoboe. Tena alichokisikia kilikuwa na maana. Chumvi ni chumvi na jivu ni jivu.

Jioni hiyo mzee alifunua sahani, akavuta harufu. Nabwile alikuwa ameshafika uani aliposikia, "Mama! Leo mmenikumbuka." Akasimama pale karibu na bomba, ndoo tupu mkononi, akisikiliza mtu akila. Hakujua kabla ya hapo kwamba kutafuna kunaweza kumfurahisha mtu asiyekula.

Zikaja jioni nzuri. Wilkista alirudi Ndalu kuangalia mahindi akamwachia mkebe. Tonny alitoka kazini, akakaa mlangoni kwa baba yake, redio katikati yao, wakibishana juu ya ndizi na chungwa. Mzee alianza tena hadithi zake, za jirani aliyeoza mabinti watatu na bado akaazima kiti cha kukalia wageni. Sahani zilirudi safi. Nabwile akawa anaimba akiosha vyombo, kwa sauti ndogo, lakini anaimba.

Kisha mzee akaanza kusema mikono ni mizito. Mara ya kwanza walidhani ni usingizi. Asubuhi moja alishindwa kuinua jagi la maji, akasema moyo unaruka, unasimama, unaruka, kama panzi ndani ya kiberiti. Tonny akaomba ruhusa kazini, wakamshika huku na huku hadi kliniki.

Walimtoa damu. Daktari alitazama majibu, akatoka haraka, na watu wakaanza kukimbia na chupa za dripu. Rahab ndiye aliyekuja kwao kwenye benchi.

"Nani anampikia?"

Tonny akamtazama mkewe. Nabwile akatazama viatu vya Rahab.

"Anakula chumvi?"

"Hapana."

"Ndizi? Maharagwe? Usinifiche, dada."

"Hapana, sista. Ni ugali na kunde. Na saga."

"Unazipika na nini?"

"Na musherekha."

Rahab hakuandika neno hilo. "Majivu ya nini?"

"Ya mabua ya maharagwe."

Rahab akakaa kwenye benchi kando yake. Nabwile alingoja kelele, alikuwa amejikaza kwa ajili ya kelele, lakini sauti ilipokuja ilikuwa ya chini.

"Kile kitu kilichotufanya tumkataze ndizi na maharagwe, ndicho kimejaa kwenye hayo majivu. Ukichoma bua, majani yanaisha, chenyewe kinabaki. Wewe na mimi tunakikojoa. Yeye figo zake haziwezi. Kinakaa kwenye damu, kinaushika moyo." Akakunja karatasi yake. "Hata kwetu tunapika hivyo. Sikufikiria kuwaambia."

Nabwile alitamani angegombezwa.

Walimpeleka mzee Eldoret, kwenye mashine ya kusafisha damu, maana Kitale haikuwepo. Alirudi mzima, lakini mdogo, kana kwamba mashine ilikuwa imechukua na vitu vingine. Daktari alisema angehitaji mashine hiyo tena na tena, na kwamba jina lake litawekwa nyuma ya majina mengine. Rahab akamwonyesha Nabwile: wakati wa kungoja, mboga ichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe, ichemshwe tena, yamwagwe tena. Bila chumvi. Bila jivu.

Nabwile akafanya alivyoambiwa. Alichemsha na kumwaga, akachemsha na kumwaga, na maji ya kijani yalitiririka kwenye mfereji wa plot. Kilichobaki ndani ya sufuria alikipeleka kwa mikono miwili. Hakuna aliyemlaumu. Hilo lilimfuata kutoka jikoni hadi kitandani.

Sahani zikaanza tena kurudi zimejaa. Siku moja aliweka sahani juu ya stuli na hakuondoka. Macho yalikuwa sakafuni lakini miguu ilikataa.

"Baba," akasema, "jaribu kidogo."

Mzee aliduwaa kusikia sauti yake. Halafu akainua jani moja kwa vidole, akalitazama kwenye mwanga wa taa.

"Mama, hii mmeifua kama shati. Hata rangi imetoka." Akalirudisha taratibu. "Si kosa lako. Ningekuwa na uwezo ningekula kwa ajili yako."

Kura ilipigwa, chungwa likashinda, redio ikapiga kelele siku nzima. Mzee hakuwa na utani wowote juu yake. Alichosema ni kwamba anataka kwenda nyumbani. Tonny alibisha, akabembeleza, akataja kliniki, akataja Eldoret. Mzee alimngoja amalize.

"Eldoret wakiniita, Ndalu kuna simu," akasema.

Wakakubaliana Nabwile aende naye, awe anampikia vile sista alivyoonyesha.

Lakini Ndalu jiko lilikuwa la Wilkista. Nabwile aliligundua hilo siku ile ile ya kufika. Majirani walikuja na maziwa, na jogoo, na mboga zilizochumwa wakati huo huo, bado zina maji. Wote walimtazama mzee kwenye kiti chake, wakasalimia kwa furaha kubwa kuliko ilivyopaswa, wakatoka wameziba midomo kwa mikono. Jua lilipokaribia kuzama wakaondoka mmoja mmoja. Jikoni wakabaki wanawake wawili.

Kunde ilikuwa inachemka. Nabwile alishika kipande cha nguo aipue, amwage maji ya kwanza. Alipogeuka, Wilkista alikuwa anakuja na bakuli, ndani yake maji yenye rangi ya chai nyepesi.

"Mama," Nabwile akasema. "Hiyo hapana."

"Keti, mwanangu."

"Sista alisema inashika moyo."

"Nimesikia alivyosema. Tonny alinieleza polepole kwenye simu, kama ananifundisha kusoma." Wilkista hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Nabwile. "Umempikia ile yako tangu mtoke Eldoret. Amekula?"

"Anaonja."

"Nimekuuliza kama amekula."

Nabwile akafungua mdomo. "Hapana," akasema.

Wilkista aliinamisha bakuli juu ya sufuria. Nabwile akaushika ukingo wake. Hakujua kwamba angefanya hivyo mpaka alipoona vidole vyake pale. Wakasimama hivyo, wanawake wawili na bakuli moja, moshi ukiwaingia machoni, na hakuna aliyevuta.

"Basi niambie wewe," Wilkista akasema, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Wewe uliyekaa na madaktari. Nimtazame akifa njaa kwangu, nikiwa na chakula? Niambie nifanye hivyo, nitafanya."

Nabwile alitafuta jibu. Alilitafuta kwa Rahab, kwa daktari, katika yale maji yote ya kijani aliyomwaga. Angejua la kusema, angelisema, hata kwa mama mkwe, hata kwa kupiga kelele. Vidole vikaachia kimoja kimoja. Maji ya majivu yakaingia kwenye sufuria, na harufu ile ikapanda.

Wilkista akapakua. Sahani akampa Nabwile. "Mpelekee. Amezoea yako."

Akaipeleka. Alikohoa mlangoni, akaingia, akaiweka. Mzee alifunua, na harufu ikajaa kati yao. Akamtazama mkaza mwana wake, na Nabwile, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akainua macho akamtazama pia.

"Hii si ya sista," mzee akasema.

"Si ya sista, Baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeulizwa jambo akakubali. Akanyoosha mikono. Nabwile akammiminia maji ya kunawa, akafanya hivyo vizuri, bila kumwaga hata tone.

"Haya nenda, mama. Usiniangalie."

Alitoka, akasimama upande wa pili wa mlango, mgongo ukutani. Alisikia tonge likikatwa. Alisikia kutafuna, taratibu mwanzoni, halafu kwa haraka, kisha pumzi ndefu puani, ya mtu anayekula. Alitaka aendelee na alitaka aache. Kule jikoni Wilkista alikuwa amekaa kando ya moto.

"Mama," mzee akaita, kwa ile sauti ya zamani, ya benchi la kliniki. "Kumebaki huko?"

Kulikuwa kumebaki.