Kisima cha Pili

Baba yangu, Melkizedeki, alipenda kuchimba. Wanaume wengine wakipata nafasi hucheza bao au hukaa kilabuni. Yeye alichukua sururu. Tangu ujana wake alikuwa amefanya kazi mgodini Sekenke, kazi ya kusimika magogo ili kuta za mashimo zisiporomoke. Mgodi ulipofungwa alirudi nyumbani na kikohozi kifuani na mikono isiyojua kutulia. Nyuma ya nyumba yetu ya zamani, kule kwenye mteremko wa mlima, alichimba ghala la chini kwa chini la kuwekea uwele, akachimba choo kirefu kuliko vyoo vyote vya jirani, kisha akachimba shimo ambalo mpaka leo sijui lilikuwa la nini. Watu walimwita Fuko. Yeye alicheka. Mama, Rahabu, hakucheka sana, maana udongo wote ulikuwa unatupwa kwenye bustani yake ya mboga.

Mwaka 1974, baada ya mavuno, tulihamishwa. Lori lilikuja, likabeba vitanda, vinu, kuku na bibi vizee, likatushusha tambarare kando ya barabara, mahali palipopimwa viwanja kwa kamba, mstari kwa mstari. Kijiji kikaitwa Juhudi. Tuliahidiwa shule, na kweli shule ilijengwa upesi, nikasoma hapo mimi mwenyewe. Lakini maji hayakuwepo. Kule mlimani chemchemi ilikuwa karibu kiasi kwamba mama angeweza kuniita nikiwa nachota nami nikamsikia. Hapa wanawake walikwenda mpaka lambo la ng'ombe lililochimbwa enzi za Mwingereza, mwendo wa saa moja na nusu kwenda. Kurudi kulikuwa ni zaidi, kwa sababu ya debe kichwani.

Siku moja mwezi wa Mei mwaka uliofuata, jirani yetu Martina alishikwa na uchungu njiani akitoka lambo. Mama alikuwa naye. Walitandika khanga pembeni mwa njia, na mtoto akazaliwa, ila hakulia. Mama alifika nyumbani jioni, debe tupu mkononi, kwa kuwa maji yote yalikuwa yameishia kwenye kumwosha Martina. Baba alikuwa ameketi mlangoni. Mama alimweleza kwa maneno machache, akaingia ndani.

Kesho yake baba hakwenda shamba la kijiji. Alizunguka huku na huku akitazama vichuguu na miti, akifukua udongo kwa kisigino na kuunusa. Kisha akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Idrissa. Nilifuatana naye.

"Mwenyekiti, naomba ruhusa nichimbe kisima."

"Melkizedeki, tumeshaambiwa mashine ya kuchimba visima inakuja."

"Nimesikia. Ikija itukute tunakunywa maji."

Mzee Idrissa alimsogezea kigoda. "Unahitaji nini?"

"Watu wa kuvuta ndoo, na magogo. Magogo hasa. Bila magogo sishuki."

"Basi kachimbe, ndugu yangu. Huo ufuko wako leo umepata kazi."

Ndivyo alivyoanza. Siku chache baadaye akaja Gabrieli, mdogo wake mama, kutoka Shelui. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mrefu, mwenye mzaha, aliyekuwa akitafuta namna ya kuoa kabla mwaka haujaisha. Alimwita baba "shemeji" katika kila sentensi. Baba alimfundisha kushika mtaimbo, kuusikiliza udongo, kujua mchanga unaoshikamana na mchanga unaodanganya. Nilikuwa nikiwapelekea uji asubuhi kabla ya kwenda shule, na mara nyingi nilimkuta Gabrieli chini akiimba nyimbo za kanisani kwa maneno aliyoyabadilisha, na baba juu akijizuia asicheke.

Udongo mwekundu ulikwisha kwenye futi nane. Ukafuata mchanga mweupe. Hapo baba alianza kazi yake ya zamani: kila walipochimba futi mbili, alisimika magogo kuzunguka ukuta na kuyabana kwa mbao. Lakini miti ya karibu ilikuwa imekwisha kukatwa, sisi wote tukijenga nyumba. Magogo yalitoka mbali, kwa mkokoteni wa ng'ombe, na mkokoteni ulikuwa mmoja kwa kijiji kizima. Kuna siku walikaa wakiungoja tangu asubuhi mpaka jua kuzama.

Kwenye futi ishirini na sita Gabrieli alipiga kelele. Alipandisha konzi ya mchanga kwenye ndoo, baba akauchukua na kuukamua. Ulikuwa na unyevu. Watu walikimbia kutoka mashambani kuja kuushika. Martina aliupaka usoni.

Sasa nitasema jambo nililoliona mimi, maana nilikuwepo. Ilikuwa Jumamosi, hakuna shule. Futi nne za chini zilikuwa bado hazijawekewa magogo, na magogo yalikuwa yamekwisha. Baba aliupata mkokoteni akafunga ng'ombe aende kuyafuata. Gabrieli alisimama ukingoni, kamba mkononi.

"Shemeji, nishuke? Maji yako hapa hapa. Nayasikia."

Baba alilitazama shimo. Akatazama jua. Akawatazama wanawake waliokuwa wamepanga madebe yao kando, kana kwamba yangejaa siku ile ile.

"Haya, endelea kidogo," alisema kwa sauti ya chini; karibu nao nilikuwa mimi tu. "Futi moja tu, usizidi. Mimi nafika sasa hivi."

Nadhani hakufika hata kwenye miti. Niliona kamba ikilegea mikononi mwa wale wanaume wawili waliokuwa wakivuta ndoo, halafu nikasikia kishindo kizito kilichofifia upesi, kama gunia la mtama lililoangushwa chumba cha pili. Hakuna aliyelia kwa sauti, si Gabrieli wala sisi tuliokuwa juu. Mwanaume mmoja aliita jina lake mara tatu. Kisha watu wakaanza kukimbia, wengine kuja shimoni na wengine kulikimbia.

Baba alirudi mbio, akawaacha ng'ombe njiani. Alishuka mwenyewe. Walimkataza, lakini alishuka, akachimba kwa mikono na kwa sufuria. Jua lilipokaribia kuzama alimfunga Gabrieli mgongoni kwa kamba, akapanda naye. Alipotoka, masikio yake na kope zake zilikuwa zimejaa mchanga, na hakutaka mtu amsaidie kumlaza chini.

Tulimzika Jumatatu. Mwinjilisti aliongoza ibada, na Mzee Idrissa na Waislamu wenzake walichimba kaburi, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwachia baba jembe siku ile.

Siku ya tatu, wageni walipoondoka, mama alikuja kukaa mbele ya baba uani. Nilikuwa nachambua mlenda karibu nao.

"Baba Anastazia," alisema, akimwita kwa jina langu, "ulimkataza asishuke?"

Wale wavuta kamba walikuwa wamemweleza kila mtu kwamba Gabrieli alishuka kwa tamaa yake mwenyewe. Baba angeweza kuliacha neno lao lisimame. Mimi peke yangu ndiye niliyesikia, na nilikuwa na miaka kumi na minne, nisingefungua mdomo.

"Sikumkataza," baba alisema. "Nilimwambia aendelee kidogo."

Mama alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akainuka. Kuanzia siku hiyo alimpikia, akamfulia, akamkandia kifua kwa maji ya moto kikohozi kilipombana. Alimjibu alipoulizwa. Lakini hakuanzisha tena maneno naye.

Shimo lilifukiwa na kuwekwa miiba juu. Watu walisema limekula mtu na halitashiba. Mashine haikuja mwaka ule, wala mwaka uliofuata. Wanawake waliendelea kwenda lambo.

Mwaka 1976, mvua zilipokwisha, baba alichukua sururu akaenda upande wa pili wa shule, akaanza kuchimba peke yake. Alichimba, akapanda ngazi na ndoo mwenyewe, akamwaga, akashuka. Watu walipita mbali. Alikuwa na miaka zaidi ya hamsini, na kukohoa kwake kulisikika mpaka darasani. Kila futi moja aliyochimba aliiwekea magogo kabla hajagusa nyingine, magogo aliyoyabeba begani moja moja tangu miezi ya masika. Mama alipita pale kila asubuhi na debe lake akienda lambo. Hakugeuza shingo.

Wa kwanza kuja alikuwa Martina. Alitua debe lake, akasimama ukingoni.

"Shikamoo, Baba Anastazia."

"Marahaba, mama. Simama mbali kidogo."

"Nipe kamba."

"Martina, nenda nyumbani. Sitaki mtu hapa."

"Sijasema nataka kuchimba. Nimesema nipe kamba nivute ndoo."

Baba aliendelea kuchimba huko chini. Mwishowe ncha ya kamba ilirushwa juu. Kesho yake walikuja wanawake watatu, na wiki iliyofuata alikuja Mzee Idrissa mwenyewe, kofia yake ameikunja mfukoni, akafunga roda ya kupitishia kamba kwenye gogo juu ya shimo na kushika zamu kama mtu mwingine yeyote. Lakini kushuka, baba hakumruhusu mtu. Hata siku aliyokuwa na homa, vijana wawili walipojitolea, aliwajibu kwa ukali sana hata wakaondoka wakinung'unika.

Maji yalitoka kwenye futi arobaini na moja. Yalikuwa na chumvi kidogo, lakini yalikuwa maji, na yalipanda mpaka kiunoni mwa baba kabla hajavutwa. Kijiji kizima kilikuja. Wanyiramba walicheza, Waislamu na Wakristo waliomba kwa zamu, na Mzee Idrissa alitoa hotuba, akamwita baba mjenga taifa. Alipogeuka ampe mkono hakumwona. Baba alikuwa amekwenda kukaa nyuma ya darasa, nguo zikiwa bado zinachuruzika.

Mama alikuwa amesimama kando ya watu muda wote huo. Martina alimletea kata iliyojaa. "Onja, dada. Wewe uwe wa kwanza."

"Nakushukuru," mama alisema, akaipokea na kuipitisha kwa mwanamke aliyekuwa nyuma yake. Kisha akajitwisha debe lake tupu akashika njia ya lambo. Alikuwa peke yake kwenye njia ile iliyozoea msururu wa wanawake. Watu walimwona, na ngoma ikapungua sauti.

Alifanya hivyo kesho yake, na siku iliyofuata. Mimi na baba tulitumia maji ya kisima. Yeye alichota yake ya lambo, akayachemsha, akayaweka kwenye mtungi wa pembeni. Baba alitazama wiki nzima. Siku ya nane aliamka kabla yake, akafunga madebe mawili kwenye baiskeli ya kuazima, akaenda lambo. Aliporudi aliyamimina kwenye mtungi wa mama.

Mwanaume kuchota maji lilikuwa jambo la kuchekwa, na walimcheka. Mtu aliyewapa watu wote kisima, yeye anakwenda kuchota matope ya ng'ombe! Baada ya mwezi hawakucheka tena. Alikwenda kila baada ya siku moja, miaka mitano, na baiskeli ilipoharibika alikwenda kwa miguu. Mama alikunywa alichomletea. Sikuwahi kuwasikia wakilizungumza.

Kifua kilimshinda baba mwaka 1981. Wiki mbili za mwisho hakuweza kuinuka, akawa ananituma mimi. "Mtungi wa mama yako umebaki na kiasi gani?" alikuwa akiniuliza. Alikufa Ijumaa mchana, mama akiwa amemshika mguu.

Siku chache baada ya mazishi niliona mama anatafuta kata yake. Alikuwa amezeeka ghafla, na nyonga zilikuwa zikimsumbua. Nikamwambia, "Mama, kaa. Nakuchotea hapo kisimani. Baba ameshakwenda. Bado hujamsamehe?"

Alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha ninayosema.

"Kumsamehe nini?"

"Mjomba Gabrieli."

Mama alikaa chini taratibu, debe likiwa mapajani. Alinieleza kwa Kinyiramba, lugha aliyoitumia akiwa amechoka sana. Gabrieli hakutaka kuja, alisema. Alikuwa na kazi yake Shelui, na aliogopa mashimo tangu utoto. Mama ndiye aliyemtumia ujumbe mara mbili. Mara ya pili alimwambia kwamba kama anampenda dada yake, aje. Kwamba amechoka kuzalisha watu njiani.

"Mimi ndiye niliyemwita," alisema. "Yale maji niliyaagiza mimi. Ningeyanywaje?"

"Na baba?"

"Baba yako alisema kweli. Angeweza kunidanganya, hakunidanganya. Mimi nilishindwa kumwambia yangu."

"Mama, baba alikwenda lambo miaka mitano akidhani unamhukumu."

Aliinamisha kichwa. Alichezea mpini wa kata.

"Nilidhani anajua," alisema. "Kila alipomimina yale maji, nilidhani anajua."

Nilijitwisha debe mimi. Tulikwenda naye mpaka lambo, taratibu, tukipumzika kila alipotaka kupumzika, na kurudi kwetu kulichukua siku nzima.