Mtaa Ukutani

Tup. Sindano ilitoboa kadibodi, na gizani mlio huo mdogo ukanishtua kama nimevunja kitu cha watu.

Nilikuwa nimeziba dirisha zima kwa maboksi na blanketi, jua la asubuhi likiwaka nje. Binti yangu alikuwa amening'ang'ania. Wifi yangu, aliyekuwa akifua mbele ya nyumba, hakuacha kunichokoza.

“Wifi! Umejifungia unapika nini humo?”

“Napika akili.”

“Basi mpakulie na kaka yangu, zake ziliisha zamani!”

Nilikuwa mfuta vioo katika duka la fundi miwani, na jioni nikisoma masomo ya watu wazima. Mashine ya kusaga lenzi ilikuwa imebaki bila mtu, nami niliitamani hadi nikaiota. Juzi fundi aliinua lenzi mbali na uso. Dirisha likaonekana ndani yake limepinduka.

“Kwa nini?” aliuliza.

Nikamwaga kanuni zote za darasani bila kupumua.

“Hiyo ni sauti ya mwalimu wako, mama,” alisema taratibu. “Jumatatu niletee yako, mashine itakuwa yako.” Akanipa kitabu kikuukuu, kurasa zimelegea.

Ndani yake mtu wa kale, wa enzi ambazo miwani yenyewe haikuwepo, alieleza alivyokaa katika chumba cha giza chenye tundu moja tu. Nilimsoma kwa woga, kama mgeni aliyeingia ukumbi wa wakubwa na viatu vya tope. Lakini yeye hakutaka nimwamini. Alitaka nizibe dirisha.

Mwanzoni sikuona kitu. Macho yalipozoea, ukuta wetu wenye nyufa ukaanza kuishi: anga ya buluu karibu na sakafu, barabara juu, baiskeli ikiteleza kimya magurudumu juu. Kisha wifi yangu akapita, beseni jekundu kichwani, miguu ikielekea darini. Mwili ukanisisimka. Mwanga wa namna hii ulimpitia yule bwana karne na karne zilizopita, naye bila shaka alibana pumzi kama mimi. Hakuwa tena mkubwa wa ukumbini. Alikuwa mwenzangu wa kazi, amenisogezea kigoda.

“Mama, shangazi ataanguka!”

“Haanguki. Mwambie ainue beseni.”

Wifi akaliinua, akilalamika kwamba wazimu wangu umeshamwambukiza mtoto. Ukutani beseni likashuka. Nikalifuata kwa kidole hadi tunduni, nikaona. Mwanga wa juu, ukishapita pale, hauna pa kwenda ila chini. Wa miguuni unapanda. Miale inapishana tunduni kama watu kwenye mlango mwembamba.

Jumatatu nilikwenda dukani na binti yangu, shule zikiwa zimefungwa. Fundi alipoinua lenzi, kanuni zote zilinitoka. Nikamweleza habari za wifi, beseni na mlango mwembamba. Alinisikiliza lenzi ikiwa hewani, akasahau kuishusha. Kisha akavuta kiti cha mashine, akakipangusa vumbi kwa mkono wake mwenyewe.

“Keti,” alisema. “Lakini lenzi haina tundu. Basi humu miale inapishana wapi?”

Nikaketi. Sikujua, na kutojua kwenyewe kulikuwa kutamu. Tukainama sote wawili juu ya kile kioo kidogo.

Binti yangu akajipenyeza katikati yetu.

“Na mimi niulizeni.”