Ulimi wa Msusi

Msusi alikuwa na mikono myepesi, na ulimi mwepesi kuliko mikono. Mteja akishainamisha kichwa, msusi haoni tena uso wa mtu, basi ya moyoni yote humdondoka. Ndiyo maana msusi mwenyewe aliwaomba wenzake wawili wa kanisani, mpishi wa shule na Mama Mayai mfuga kuku, wamuulize kila Alhamisi jioni saluni ikifungwa: "Ulimi umeulindaje?" Naye aliwauliza yao: mpishi hasira, Mama Mayai uvivu wa kusali.

Alhamisi ile alijibu upesi, "Salama tu," akashika ufagio.

"Mbona unafagia ulipokwisha kufagia?" mpishi akauliza.

"Nywele haziishi, shoga."

"Weka ufagio chini," Mama Mayai akasema. "Sisi si polisi, ila hatuondoki. Alhamisi iliyopita mlinitoa jasho hapahapa. Nilikufa?"

Msusi akajiangusha kwenye kiti cha wateja, machozi yakatangulia maneno. Wifi yake nywele zilikuwa zinamtoka, kichwa kimebaki viraka viraka, akamwonyesha yeye peke yake. Naye msusi akampenyezea mteja mmoja siri hiyo, eti kwa huruma. Sasa mtaa mzima unajua, na wifi kajifungia ndani, hata kanisani haji.

"Kaniuliza kwa simu kama ni mimi. Nimekana."

Hasira zikampanda mpishi, akazimeza. "Nywele zitaota. Wifi haoti. Simama, tunakusindikiza kwake."

"Kesho."

"Kesho utakuwa umeshatunga uongo mwingine," Mama Mayai akasema. "Nakujua kama kuku wangu."

Wakaenda wakiomba kwa sauti ya chini. Wale wawili wakabaki getini. Msusi akabisha hodi.

Wifi akafungua mlango nusu, kilemba kimeshuka hadi kwenye nyusi.

"Wifi, ni mimi niliyesema. Na nilipokana, nilikudanganya. Nisamehe."

"Nilijua. Nilikuwa nangoja nione kama utakuja. Lakini uchungu wangu hauishi leo, usijidanganye."

"Sijidanganyi, wifi."

"Na wale pale?"

"Ndio walionileta. Alhamisi wataniuliza tena."

"Waambie wasikose. Tena wakuulize kwa nguvu!" Wifi akacheka bila kutaka, akajifuta macho kwa kiganja. Kisha akasogea kumpisha.

"Ingia. Funga mlango kwanza."

Na taratibu akaanza kufungua kilemba.