Ukimya wa Ampli

Mume wangu Symphorien aliyaacha masikio yake kwenye mashine za kusaga mawe, kazi ya miaka ishirini na sita. Kilichobaki ni sikio la kushoto, nalo husikia ukipaza sauti. Mtu wa namna hiyo akistaafu, si angefuga kuku? Yeye akaanza kuunda ampli, mashine za kukuza sauti ya muziki.

Si ampli za dukani. Zake ni za lampe, vile vichupa vya kioo vya redio za zamani vinavyowaka kama makaa. Alivitafuta mji mzima wa Likasi, mpaka kwa wavuvi wa ziwa la Tshangalele. Kulikuwa na wazee wengine watatu wenye wazimu huo, na kila mwaka walikutana kuonyeshana. Desturi yao ni hii: kabla ya muziki, unafungulia sauti mpaka mwisho bila kupiga chochote, na wenzako wanatega sikio kwenye spika. Wasiposikia kitu, umewashinda. Mwaka jana ya Symphorien ilinguruma mbele ya watu, na rafiki yake Hénoc akacheka mpaka akajishika mbavu. Mume wangu hakula vizuri mwezi mzima, na mimi Hénoc sijamsamehe.

Basi mwaka huu masikio yake yakawa mimi. Kila siku aliwasha akaniuliza, "Iko nalia?" nami nikamwambia kweli. Udongo ukikauka ilinguruma, na dawa yake niliijua. Nyuma ya nyumba alikuwa amepigilia chuma ardhini, waya wa ampli ukafungwa pale. Nikikimwagia ndoo ya maji, kelele inakwisha. Alinieleza kwamba chuma hicho ndicho kinachoshusha ardhini umeme uliopotea njia. Mimi nilishika habari ya kelele tu.

Jumapili ya maonyesho, safari hii uwanjani kwetu, ilikuwa ya Agosti, na bomba halikutoa maji. Nilikuwa na bidoni moja tu ya maji. Uwanja wetu ulikuwa vumbi tupu, na wageni wangetoka misa na nguo zao nzuri. Nikanyunyizia uwanja maji yote. Chuma kitangoja, nilijiambia.

Wageni wakiwa mlangoni, Symphorien akawasha, akaniuliza. Niliisikia. Ilinguruma kuliko siku zote. Nikautazama uso wake, amenyoa vizuri, ana furaha, na nyuma yake Hénoc anaingia na tabasamu lake lile.

"Hapana, Papa Joëlle," nikamwita kwa jina la mtoto wetu. "Iko kimya."

Papo hapo nikaingiwa na hofu ya lile jaribio lao. Mdogo wangu Magloire, mwimbaji wa kwaya, ndiye aliyepangwa kuimba baadaye. Nikamvuta kando nikamwomba aanze sasa hivi, aifunike ile kelele. Akacheka, akasema ndiyo, yaya, kama alivyoniita mimi dada yake mkubwa. Hakuwahi kunikatalia kitu. Akavua viatu vyake vya misa asivichafue kwa tope nililolifanya mimi, akashika mikro, na mkono wa pili akauweka juu ya sanduku la chuma la ampli.

Hakupiga kelele. Alikakamaa tu, macho wazi, mpaka Hénoc alipong'oa waya ukutani. Tulimbeba hadi hospitali, lakini alikuwa amekwisha kufa pale uwanjani, mguu mtupu, miaka thelathini na nne. Ameacha watoto watatu.

Kilio kilipokwisha, Symphorien alizivunja lampe zote kwa nyundo, moja baada ya nyingine. Kisha akaketi karibu yangu.

"Angèle, ile siku ilikuwa nalia? Sema tu. Kama ilikuwa nalia, ni masikio yangu. Minye sikusikia."

Nilimjibu kwamba ilikuwa inalia, na kwamba nilijua. Nilisema polepole, upande wa kulia, kwenye sikio lililokufa. Nilichagua upande huo mwenyewe.

"Unasema nini?"

Nikahamia kushoto. "Ilikuwa kimya," nikasema kwa nguvu.

Akaitazama mikono yake juu ya magoti. "Basi ni hii mikono njo ilimuua ndugu yako," akasema.

Tangu siku hiyo hashiki hata bisibisi. Chakula kikiwa tayari ananinyooshea ile mikono juu ya beseni, nami naimwagia maji.