Uji Unamkaribisha Bibi

Kazi yangu ni kutembea juu ya waya kwenye sarakasi, kwa hiyo mimi si mtu wa kutishika. Bibi alipokataa katakata nihame nyumbani nikapange chumba na rafiki yangu Nomin, sikunyamaza. Tulirushiana maneno mpaka akasema, "Ukishikilia kuhama kabla hujaolewa, usinikaribishe tena chakula." Nami nikalishika neno lake. Kwetu Hanoi mdogo hagusi chakula bila kumkaribisha mkubwa, basi nikawa nakula hukohuko kazini na kurudi nimeshiba.

Nomin ni Mmongolia. Nilisomea sarakasi kwao, na sasa amepata kazi kwetu. Tangu afike alikuwa akila mkate na soseji alizofungasha, maana chakula chetu kimejaa samaki, na kwao samaki hata hawamtazami. Nikamwambia Jumamosi ataonja chakula cha Kivietinamu kwa mara ya kwanza, tena kilichopikwa na bibi. Nilikuwa na hakika kwamba bibi akishamwona anakula, ataturuhusu kuhama. Nikamfundisha maneno ya kumkaribisha mkubwa, akayakariri njia nzima.

Tuliketi mkekani kuzunguka sinia. Palikuwa na tambi za mchele, tofu ya soya iliyotoka kwenye mafuta sasa hivi, majani mabichi, na katikati bakuli la uduvi uliochachishwa, bibi ameukorogea ndimu na pilipili mpaka ukatoa povu. Nomin aliisikia harufu yake tangu mlangoni, lakini hakukunja uso. Akainamisha kichwa, akayatoa maneno yake kwa sauti kubwa.

Kwetu kijana hujiita mjukuu mbele ya bibi yeyote, na kwa lugha yetu maneno "mjukuu" na "uji" yanakaribiana sana. Ulimi ulimteleza, akasema, "Uji unamkaribisha bibi chakula."

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi nikaona kazi imekwisha. Lakini vijiti vyake vya kulia vilibaki palepale kwenye sinia.

"Haya, uji umenikaribisha," akasema, macho kwangu. "Mjukuu je?"

"Si ulinikataza, bibi?"

"Nilikukataza mangapi utotoni, Khuê? Ukasikia lipi?"

Povu la uduvi likaanza kushuka na tofu ikaanza kunywea. Nomin akaninong'oneza kwa Kimongolia, mbona hatuli? Nikamwambia aanze yeye. Akakataa, si mimi niliyemfundisha kwamba mkubwa hatanguliwi? Mikono yake ilikuwa mapajani, na tumbo lake likanguruma tukalisikia sote. Nilimwonea huruma, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimekumbuka kula na bibi kupita kiasi.

"Bibi," nikasema, "mjukuu wako anakukaribisha chakula."

Akachukua vijiti kabla sijamaliza. Kipande cha kwanza cha tofu alikizamisha kwenye uduvi, akamwekea Nomin bakulini. Nomin akatafuna polepole, machozi yakamlengalenga, akameza, kisha akasema kitu kwa Kimongolia na kunyoosha vijiti kuchovya tena. Bibi akataka kujua amesemaje. Nikamtafsiria kwamba uduvi unanuka kama zizi la farasi la baba yake, na kwamba amefurahi.

"Huyu hana shida," bibi akasema. Akala kidogo, akauliza, "Huko mnakohamia, mkubwa wa kukaribishwa ni nani?"

"Hakuna, bibi."

"Basi kila Jumapili nitakuja mimi. Na huyo Uji asinikaribishe kabla yako."